Miksa Mbili Nyuma ya Kitenge

Nyuma ya kitenge palikuwa na joto la watu wanne, ingawa nilikuwa peke yangu. Kitenge chenyewe kilikuwa cha Mama Florida, cha kijani, chenye ndege wanaotazamana, na tulikitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyotoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda ya kanisa. Mbele yangu palikuwa na meza. Juu ya meza, miksa mbili za kuchanganyia sauti: kushoto ile ya analogia ya kaka yangu Sipriani, pana na nzito, vitufe vyake vimechakaa kama meno ya mvuta kiko, kulia ile ya dijitali ya binamu yetu Jovini, nyembamba, nyeusi, yenye kioo cha buluu ambamo jina lake lilipita bila kukoma, JOVINI, JOVINI, kana kwamba mashine ingesahau ni ya nani. Upande wa pili wa kitenge, watu arobaini na mmoja walikaa kwenye viti vya kukunja, wamefumba macho kwa amri ya mchungaji.

"Yoeli!" Mchungaji Bisimwa aliniita. "Uko muzima huko nyuma?"

"Niko mzima, Mchungaji. Ila mkichelewa mtakuta mvuke."

Wakacheka. Watu hucheka ninapobanwa; nimewazoesha hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, mwaka 2015, saa nane mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Hilliard, pembeni mwa Columbus, Ohio, huku Marekani. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha sauti cha miksa ya kulia. Nilikuwa nimebakiza kama dakika moja ya kuwa mtu mwaminifu.

*

Nianze na mdomo wangu, maana ndio uliotufikisha pale.

Kaka yangu amenizidi miaka kumi na moja, na ana kigugumizi. Sisemi kile cha kurukaruka ambacho watu hukiigiza kwenye vichekesho. Chake ni mlango uliokwama. Unaliona neno limefika, unaliona machoni, shingoni, mpaka kwenye midomo, halafu halitoki. Kambini Mtabila, kule Kigoma walikowekwa wakimbizi wa Burundi, tulipobaki wawili tu baada ya mama kuzikwa, tulipanga foleni ya mahindi na karani akatuuliza namba ya kadi. Sipriani alikuwa na miaka kumi na minane. Akasema, "Sa—sa—sa—" na nyuma yetu watu wakaanza kusonya. Mimi nilikuwa na miaka saba na njaa ya mtu wa arobaini. Nikapaza sauti: "Sabini na nne! Tuko wawili, huyu ni kaka yangu, na wiki iliyopita mlitupunja mafuta!" Foleni nzima ikacheka, karani naye akacheka, na kopo letu likajazwa mpaka likamwagika. Sipriani akanitazama, akaitikia kwa kichwa: ndiyo, hivyohivyo.

Tangu siku hiyo nikawa mdomo wake. Mwaka 2008 tulipofika Marekani, mjini Louisville, ghala moja lilimwita kwenye usaili, nikaenda naye, nina miaka kumi na minne. Mzungu akauliza, huyu ndugu yako ana sifa gani? Nikajibu kwa Kiingereza changu cha miezi mitatu: hachoki, na hasemi. Akaajiriwa siku ileile. Nilijivuna mwezi mzima. Sikumuuliza kama alikuwa na sifa nyingine aliyotaka itajwe.

Miksa aliipata Shively, pembeni mwa Louisville, kwa mzee aliyekuwa akifunga ukumbi wake wa dansi. Tuliipandisha ngazi tukiwa wawili, tukipumzika kila kona, na Aline, shemeji yangu, akasimama mlangoni akauliza kama tumenunua jiko. Kitufe kimoja hakikuwa na kichwa. Tukakivisha kifuniko cha dawa ya meno. Kila Ijumaa Sipriani aliisafisha kwa brashi na spiriti, taratibu, kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kaka yangu anaongea. Harusini, shangazi wa bibi harusi akianza kulia, Sipriani alishusha ngoma zote akaliacha gitaa peke yake limshike mkono. Mjomba akihutubia kupita kiasi, alimpandishia muziki chini kwa chini, kidogo kidogo, mpaka mjomba akajikuta ameketi, tena akidhani ameamua mwenyewe. Vidole vyake havikukwama hata mara moja. Maikrofoni nilishika mimi. Harusi ya Warundi ni familia mbili zinazobishana kwa adabu siku nzima, na mwenye maikrofoni lazima ajue nani wa kutaniwa na nani wa kuogopwa. Yeye muziki, mimi maneno. Kutoka Louisville mpaka Columbus mpaka Buffalo watu walituita kwa jina moja, Sipriani-na-Yoeli, kama duka.

Duka lina faida na hasara. Faida, linajulikana. Hasara, halihami.

*

Machi ya mwaka ule tulipiga muziki kwenye harusi moja Buffalo. Katikati ya hotuba maikrofoni ikaanza kupiga mluzi, ule mluzi unaotoboa sikio, na mimi huku namtania bwana harusi nikasogeza spika moja kwa mguu, nikapunguza kitufe kimoja, mluzi ukafa kabla utani haujaisha. Baadaye dada mmoja Mkenya, Claris, aliyesomea chuo palepale na sasa alifanya kazi katika ofisi ya ukumbi mkubwa wa muziki, akanifuata kwenye meza ya wali.

"Wewe, ile kitu umefanya, nani alikufunza?"

"Njaa."

"Hapana, serious. Unajua kuna watu hulipwa kufanya hiyo tu? Kwa hall yetu wanatafuta mtu wa kufunzwa kazi ya sound. Miaka miwili. Nitumie details zako, na usinitumie na jokes."

Nikatuma. Mwanzoni mwa Mei ikaja barua: nianze Jumatatu ya kwanza ya Juni. Niliikunja mara nne nikaiweka ndani ya kiatu cha theluji, kiatu ambacho mwezi wa tano hakuna anayekigusa.

Nilijaribu kumwambia Sipriani mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa ananionyesha kalenda: harusi kumi na sita, mpaka Oktoba ya mwaka uliofuata, na kwenye kila moja ameandika S na Y. Mara ya pili alikuwa ameninunulia maikrofoni isiyo na waya. Ameifunga kwa karatasi ya Krismasi, mwezi wa tano. Mara ya tatu nilifika mpaka "Kaka, nataka kukuambia kitu." Akageuka, akanisubiri kwa ule uvumilivu wake, na mimi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: nikishamwambia, atahitaji kunijibu. Na jibu lake atalisema nani?

Nikamwambia maziwa yameisha.

*

Jovini ni mtoto wa shangazi yetu, na kwetu mtoto wa shangazi ni wa kutaniwa tangu anazaliwa. Usipomtania atadhani umemkasirikia. Aliishi Hilliard, akifanya kazi kwenye ghala la nguo, na mwaka ule alinunua miksa ya dijitali. Akaifunika kwa blanketi la mwanawe mchanga. Mtoto akabaki na taulo. Kisha akaanza kutupigia simu.

"Bado mko analogia?" aliuliza. "Tanzania kwenyewe wamezima mitambo ya analogia, hata bibi wa Kibondo ana king'amuzi. Nyinyi mko Marekani mnabeba jiwe."

"Jiwe letu haliulizi neno la siri, Jovini. Yako ukiipiga chafya inaomba kuzimwa na kuwashwa."

"Sauti yangu ni safi kama maji ya chupa."

"Na ladha yake ni hiyohiyo ya maji ya chupa."

Tulicheka. Lakini utani ule ulikuwa na meno. Agosti kungekuwa na mkutano wa kwaya za miji yetu mitatu, utakaofanyika Lackawanna, kusini mwa Buffalo, na kamati ilitaka fundi mmoja wa muziki. Atakayepiga pale ndiye ambaye kila familia ingemwita baadaye. Columbus walimtaka Jovini, Louisville walimtaka Sipriani, Buffalo walitaka kujua chakula kitapikwa na nani. Mchungaji Bisimwa, Mkongo wa Kivu na mwenyekiti wetu, akachoshwa na simu.

"Bon," alisema. "Tutasikiliza. Macho yafungwe, masikio yaamue. Zikilingana, donc, Sipriani anabakia."

Na nani akae nyuma ya pazia kubadilisha sauti? Jovini mwenyewe ndiye aliyenitaja. "Yoeli. Hawezi kumwibia kaka yake, na hawezi kumwibia mtoto wa shangazi yake. Amefungwa pande zote." Wote wakasema kweli kabisa, na mimi nikasema kweli kabisa.

Njiani kwenda Hilliard, Sipriani alisema sentensi moja tu, na ilichukua kutoka daraja la Cincinnati mpaka kituo cha mafuta. "Ni—nikishindwa, na—naacha. Naipa ka—ka—"

"Naipa kanisa," nikamalizia.

Akaitikia kwa kichwa.

Basi mambo yakawa wazi. Akishinda, au wakilingana, mimi nitabaki Y kwenye kalenda. Akishindwa, niko huru, na sihitaji hata kufungua mdomo.

*

Sasa niseme ukweli wa zile miksa, maana nimeulizwa sana na nimejibu uongo sana.

Asubuhi tulipomaliza kufunga waya nilizisikiliza kwa saa nzima. Tofauti ipo. Ile ya analogia ukiisukuma mpaka taa nyekundu, sauti haikatiki. Inanenepa, kama uji unaoanza kushika. Ile ya dijitali ikiwa kwenye kijani ni safi, unamsikia mwimbaji mpaka anavyovuta pumzi. Ikigusa nyekundu inapasuka kama bati linalokanyagwa. Lakini hapo katikati, anapopigia muziki mtu mwenye akili timamu, tena kwa nyimbo za kwaya zilizokuwa zimepita kwenye simu kumi na mbili kabla ya kufika kwenye kompyuta yetu, na kwa zile spika za kanisa, mimi sikusikia tofauti yoyote. Nilibadilisha huku na huku mara hamsini. Ilikuwa kama kuonja maji ya bomba moja kwa vikombe viwili.

Zingelingana. Nilijua kabisa zingelingana.

Nilijua na jambo jingine. Shuleni Louisville nilisoma somo la kazi za jukwaani, na mwalimu alitufanyia mchezo. Alitupigia wimbo uleule mara mbili, mara ya pili ameupandisha kidogo sana bila kutuambia. Darasa zima likasema wa pili una kina, wa pili una uhai. Hakuna hata mmoja aliyesema wa pili una sauti kubwa. Sikio, mwalimu akatuambia, likiongezewa kidogo halisemi limeongezewa. Linasema limependa.

Ndiyo maana nilisawazisha miksa zote mbili kwa kipimo cha kwenye simu, nikachora alama nyeupe kando ya kila kitufe. Jovini alikuja kukagua, akainama, akapima, akaridhika. Sipriani hakukagua. Alienda kukaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na ndoo ya kupigia deki, akaweka mikono juu ya magoti.

"Tuanze," Mchungaji akasema.

Nikakizungusha kitufe cha Jovini kikaipita alama, upana wa punje moja ya mchele.

*

"Namba moja," nikatangaza, na wimbo ukapita kwenye miksa ya kaka yangu. Dakika nzima. "Namba mbili." Ukahamia kwa Jovini.

Niliona vivuli kwenye kitenge vikinyoosha migongo. Na katika upenyo kati ya vibanio viwili niliona kiti cha mwisho. Sipriani alikuwa amefumba macho kama wengine wote. Wimbo ulipohamia namba mbili, akayafumbua. Hakutazama spika. Alitazama kitenge, mahali hasa nilipokuwa nimesimama.

Nikarudia. Moja, mbili. Moja, mbili. Kila niliporudi kwa namba moja nilikuwa na dakika nzima ya kukirudisha kile kitufe mahali pake, na hakuna ambaye angejua. Kidole kilikuwa palepale juu yake. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Maoni kwanza," Mchungaji akasema. "Macho bado yafungwe."

Mama Florida, kiongozi wa kwaya, hakungoja. "Namba mbili naisikia mpaka kwenye magoti. Ina joto. Ile ya kwanza ni nzuri, lakini imekaa mbali, kama mgeni asiyetaka soda."

Mzee mmoja wa Louisville akadakia: "Namba mbili si ndiyo hiyo yetu, ya Sipriani! Miaka yote hii naicheza, nitaikosaje?"

"Ni yenyewe," wengine wakasema. "Ni yenyewe kabisa."

"Bon, na mimi vilevile," akasema Mchungaji. "Ya pili iko na roho. Ile ya kwanza inasikika ni ya mashini."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Walikuwa wanampigia kura kaka yangu. Mikono thelathini na mitatu ikapanda kwa namba mbili, na wenye mikono wakafumbua macho, wakageukia kiti cha mwisho, wakimtabasamia Sipriani. Hata Jovini alikuwa ameinamisha kichwa, amekwisha kushindwa, anatafuta utani wa kutokea nao.

Kitenge kikaangushwa. Kabla hakijagusa sakafu, kitufe kilikuwa kimerudi kwenye alama.

Nikaonyesha kwa kidole: moja, hii. Mbili, hii.

"Yesu wangu," Mama Florida akasema. Yule mzee wa Louisville akadai waya zimekosewa, akaja mwenyewe, akaufuata kila waya kwa mkono kutoka kwenye miksa mpaka kwenye spika. Waya zilikuwa sahihi. Siku ile waya hazikuwa na kosa lolote. Jovini akapiga ukelele mmoja mfupi, kama aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha akaona uso wa kaka yangu, akanyamaza.

Sipriani alikuwa amesimama. Wote wakamgeukia.

"Ho—" akasema. "Ho—ho—"

Watu wakaanza kutazama viatu vyao, na mimi siwezi kuvumilia watu wakitazama viatu. "Hongera, Jovini!" nikapaza sauti. "Kaka anasema hongera, na ukiharibu harusi hata moja anarudi na jiwe lake!"

Kicheko kikalipuka, makofi yakafuata, ukumbi mzima ukapumua. Sipriani akaitikia kwa kichwa. Akaketi.

*

Columbus mpaka Louisville ni zaidi ya saa tatu. Jua lilikuwa bado kali, na nyuma ya gari miksa iligonga ukuta kila tulipokata kona. Baada ya saa nzima, Sipriani aliwasha redio. Ulikuwa wimbo wowote tu, wa gitaa, siujui. Akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti, akakipandisha kidogo, kiasi ambacho asiyekuwa makini asingekigundua. Akakishusha. Macho yake barabarani. Akakipandisha tena, kiasi kilekile, punje ileile. Akakishusha. Mara tatu. Kisha akazima redio, na tukaendelea na mlio wa matairi.

Mimi, ambaye nimewahi kuwachekesha wabeba jeneza, nilisoma vibao vyote vya barabarani, mpaka vya hoteli.

Jumapili aliipeleka miksa kanisani kama alivyoahidi. Kanisa lilikuwa na yake, kwa hiyo wakaiweka stoo, juu ya viti vya watoto vilivyovunjika miguu. Jumatatu nikaitoa barua kiatuni, nikampa. Akaisoma mara mbili, akaenda chumbani, akarudi na sanduku lake mwenyewe, lile zuri la magurudumu, akaanza kulipangusa vumbi.

"Ulijua lini?" Aline akaniuliza.

"Juzi tu, shemeji."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

*

Buffalo nilijifunza kazi, na kazi niliipenda, nisiseme uongo wa tatu. Lakini chumba cha fundi sauti hakina dirisha la nje. Unakaa kwenye giza na vipokea sauti masikioni, mtu asiyekujua anakutajia namba, nawe unamrudishia namba ileile kuonyesha kwamba umesikia. Wiki ya kwanza nilitania. Yule mtu akarudia namba. Sikutania tena. Nilikuwa nimetoka dukani nikaingia kabatini.

Agosti watu wakaja Lackawanna. Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, upande ule ambako zamani waliyeyusha chuma na sasa kuna vinu vya upepo vinavyozunguka bila haraka. Jovini alisimama nyuma ya kile kioo chake cha buluu akiwa amevaa tai. Sipriani alikuja na Aline na watoto, akakaa meza ya katikati, na sahani ya wali mbele yake kama mgeni yeyote.

Kwaya ya kwanza ilisikika safi. Ya pili watu wakaanza kupiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" na Jovini akaongeza. Sote tulikulia kwenye sherehe ambazo taa nyekundu ndiyo dalili kwamba mambo yamenoga, na kwenye jiwe la Sipriani hilo lilikuwa kweli. Kwenye ile nyembamba halikuwa kweli. Ilipofika kwaya ya nne, sauti ilikuwa inapasuka. Waimbaji walisikika kama wanaimba ndani ya debe, watoto wakaziba masikio, na kadiri watu walivyolalamika ndivyo Jovini alivyozidi kusukuma, jasho likimtoka mpaka kwenye tai.

Sipriani akampa mwanawe sahani. Akaenda mpaka mezani, akaushika mkono wa Jovini, akauondoa pale ulipokuwa kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akashusha kila kitu mpaka kijani. Kisha akazunguka nyuma ya spika, akapandisha sauti ya spika zenyewe. Sauti ikarudi, kubwa na safi, na ukumbi ukaimba.

"Asante, binamu," Jovini akasema. "Kaa basi, piga wewe. Nakuomba."

Sipriani akakataa kwa kichwa. Akamwonyesha kwa kidole mahali kijani kinapoishia, akagonga mezani pale mara mbili, akatoka nje.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye maegesho, upepo wa ziwani ukimpeperusha shati. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Juni, kwenye lile giza la kazini.

"Kaka," nikasema, "siku ile Hilliard. Ile namba mbili—"

Akainua kiganja. Akanigeukia mzima mzima, akavuta pumzi, na nikaona shingo yake ikikaza. Alitaka kusema yeye.

"Nime—" akasema. "Ni—nime—nime—"

Ndani kwaya ikamaliza ubeti ikaanza mwingine. Nilingoja. Nililiona neno shingoni kwake, nikaliona linapanda, na kwa mara ya kwanza tangu foleni ya mahindi sikujua ni neno gani. Lingeweza kuwa lolote. Nilimtazama machoni nikitafuta hata herufi moja ya kushikia, na macho yake hayakunipa kitu. Nikaogopa. Na nilipoogopa nikafanya kazi pekee ambayo niliwahi kuifanya vizuri.

"Umenisamehe," nikasema, nikacheka kidogo. "Najua, kaka. Umenisamehe."

Midomo yake ilibaki vilevile kwa muda, imelishikilia. Kisha ikalegea. Akanitazama kwa kitambo kirefu, akaitikia kwa kichwa, akaniwekea mkono begani, akarudi ndani kumalizia wali wake na mwanawe.

Imepita miaka. Tunapigiana simu kila Jumapili. Mimi huongea, yeye husikiliza, Aline hucheka kwa mbali. Sijawahi kumuuliza siku ile alitaka kusema nini. Angeanza kunijibu, na mimi najijua.